Wazazi wanapiga simu kuuliza ada, na ada ipo kwenye tovuti

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi wa sekondari ya binafsi huku Korogwe, na kwa kuwa ndiye ninayeonekana kujua kompyuta, tovuti ya shule nimeachiwa mimi. Shida ni kwamba wazazi hawaitumii. Kutwa wanapiga simu kuuliza ada, tarehe ya kufungua shule na vitu vya kununua, ilhali vyote vimo humo. Fundi tuliyemwita anasema tovuti imepitwa na wakati, anataka milioni mbili na laki nane aijenge upya. Mimi nimepewa laki tatu. Tena mkuu wa shule hataki kusikia habari ya kuondoa zile picha zinazopita juu ya ukurasa wa kwanza. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, hizo milioni mbili na laki nane ziache kwanza zilipo. Tovuti ikijengwa upya na fundi yuleyule, kwa maelekezo yaleyale, bila mzazi hata mmoja kuulizwa, mtapata matatizo yaleyale yaliyopakwa rangi mpya. Laki tatu zinatosha, na chenji itabaki.

Anza na daftari, si kompyuta. Kwa wiki mbili, kila simu inayoingia kuuliza jambo, andika swali kama lilivyotoka mdomoni mwa mzazi. Usiandike "kaulizia ada". Andika "kidato cha pili bweni muhula huu tunalipa bei gani", "akaunti ni ileile ya mwaka jana?", "godoro la futi ngapi?", "wanafunga tarehe ngapi nikate tiketi?" Mwisho wa wiki ya pili pitia kurasa zako na uhesabu. Utaona maswali machache yanajirudia mpaka yanachosha, na hayo ndiyo yanayotakiwa kukaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno yaleyale ya wazazi. Daftari hilo lina thamani kuliko ushauri wangu wote unaofuata, na limekugharimu kalamu.

Hatua ya pili ni kumtazama mtu akiitumia tovuti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanaporuka.

Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya shule moja na baba mmoja, mfanyabiashara wa mazao, aliyekuja kumwona binti yake. Nikamwomba: mzee, kwa simu yako hiyohiyo, hebu tafuta muhula ujao unatakiwa kulipa shilingi ngapi. Akafungua tovuti. Ikaja picha ya majengo, ikajaa skrini nzima. Kabla hajafanya lolote picha ikateleza, ikaja ya mahafali. Akasubiri. Ikateleza tena, ikaja ya mwenyekiti wa bodi. Akasubiri tena. Nilikuja kumuuliza baadaye alikuwa anasubiri nini, akasema alidhani ukurasa bado unafunguka. Kwake kitu kinachosogea ni kitu ambacho hakijamaliza kuja.

Akaanza kushuka. Akapita salamu za mkuu wa shule, dira, dhima, maadili ya msingi, picha za maabara, akafika chini kabisa kwenye jina la kampuni iliyotengeneza tovuti, akapanda tena juu. Ile mistari mitatu ya menyu kwenye kona hakuigusa hata mara moja. Aliiona kama urembo. Mimi kimya. Nilitamani kumwonyesha, lakini ningemwonyesha nisingejifunza kitu. Dakika ya nne kidole chake kikaiangukia menyu kwa bahati, akasoma maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine, akachagua "Downloads" kwa kubahatisha. Humo kulikuwa na faili la PDF la ada. Akaligusa. Mshale mdogo ukatokea juu ya skrini, ukapotea. Kimya. Akagusa tena. Na tena. Tulipofungua folda ya simu yake tulikuta nakala tano za faili lilelile, kila moja imekula bando lake, na yeye hajaona hata moja. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, si bora nimpigie tu mhasibu?" Akampigia. Alipata jibu kabla sijaweka kalamu mfukoni.

Huyo mhasibu ndiye mshindani wa tovuti yenu. Mzazi hana sababu ya kuhangaika na menyu wakati kuna binadamu anayejibu mara moja. Kwa hiyo ukisema "wazazi hawaitumii tovuti", mimi nasikia kwamba waliijaribu, ikawashinda, wakarudi kwenye kinachofanya kazi.

Angalia sasa kilichotakiwa kurekebishwa pale. Picha zinazoteleza ziondolewe. Ada itoke kwenye PDF iandikwe kwenye ukurasa wenyewe. Viungo vitano vikubwa viwekwe juu, kwa Kiswahili. Kazi ya nusu siku kwa fundi aliyepo. Hakuna hata kimoja kilichohitaji tovuti mpya.

Huhitaji kutazama watu hamsini. Jakob Nielsen, mtafiti Mdenmark ambaye tangu 1989 amekuwa akitetea upimaji wa bei nafuu, alikokotoa pamoja na Thomas Landauer mwaka 1993 kwamba mtu mmoja anayejaribu mfumo hufichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo yake ya matumizi. Wa pili huyarudia baadhi na kuongeza mapya, wa tatu vivyo hivyo, na ukifika watu 5 umeshaona karibu asilimia 85. Kuanzia hapo unalipia kuona yaleyale. Ushauri wake ni kwamba ukiwa na uwezo wa kupima watu 15, usiwapime kwa mkupuo: pima 5, rekebisha, pima 5 wengine, rekebisha, kisha 5 tena. Kwa laki tatu wewe utapata raundi mbili, na raundi mbili ni nyingi kuliko walizofanya wengi waliolipa mamilioni.

Wazazi unao. Wanakuja kulipa, wanakuja siku ya kutembelea watoto. Chagua mchanganyiko: bibi anayelea mjukuu, kijana aliyekuja kwa niaba ya dada yake, mama mwenye duka, baba ambaye hajawahi kuifungua tovuti yenu. Walimu usiwachukue, wameshaizoea. Kila mmoja atumie simu yake na data yake (utamrudishia bando), siyo kompyuta ya ofisini yenye Wi-Fi. Mpe kazi mbili au tatu za kweli, na katika kumpa usitaje neno lililoandikwa kwenye menyu. Ukisema "nenda kwenye Fomu za Kujiunga" umeshamwonyesha njia. Sema, "Mdogo wako kamaliza darasa la saba, unataka aje hapa. Ungefanyaje?"

Halafu nyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwetu hasa, maana kumwangalia mtu mzima anahangaika bila kumsaidia ni kama utovu wa adabu. Mtangulizie kabisa: "Mama, tunaijaribu tovuti, hatukujaribu wewe. Ukikwama ndiyo utakuwa umetusaidia." Bila hivyo atajilaumu, atasema mimi haya mambo ya mitandao siyawezi, na utakosa ulichokuja kutafuta. Mkuu wa shule asisimame karibu. Na mwishoni usimuulize "umeionaje tovuti yetu?" Atakujibu "nzuri sana, mwenyezi Mungu awabariki", kwa sababu ni mtu mwenye heshima na mtoto wake yuko mikononi mwenu. Tazama kidole, usisikilize sifa. Andika aliposita, aliporudi nyuma, alipogusa kitu ambacho si kitufe, na alipokata tamaa.

Ukishafanya hivyo kwa watu watano utakuwa na orodha yako mwenyewe, na hiyo ifuate kuliko yangu. Lakini nitakwambia yale ambayo karibu kila tovuti ya namna yenu huwa nayo, ili ukiyaona uyatambue.

La kwanza ni lugha. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, basi na tovuti inaandikwa Kiingereza, kana kwamba kuandika Kiswahili ni kukiri kwamba shule ni dhaifu. Somo linafundishwa kwa Kiingereza, sawa, lakini ada inalipwa kwa Kiswahili. Anayelipa ndiye anayesoma ukurasa huo. Kurasa za ada, tarehe, mahitaji na maombi ziwe za Kiswahili. Historia ya shule na ujumbe wa bodi vikibaki Kiingereza hakuna atakayeumia. Kila ukurasa wa Kiswahili fundi auwekee alama ya lugha, yaani lang="sw" pale mwanzoni mwa msimbo. Ni herufi chache tu, ila bila hizo programu ya kumsomea asiyeona inaweza kukisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na ukiwahi kuisikia hutasahau.

Ukurasa wa ada wenyewe uuandike hivi. Futa "Shule yetu inayo furaha kuwatangazia wazazi na walezi kwamba ada zetu ni nafuu na rafiki". Anza na jibu. Mfano wa kubuni: "Ada ya kidato cha 1 mwaka 2026. Bweni: Sh. 1,800,000. Kutwa: Sh. 950,000. Inalipwa kwa awamu nne. Awamu ya kwanza kabla ya kufungua shule." Chini yake benki, jina la akaunti na namba, iliyoandikwa kama maandishi ili mtu aweze kuibonyeza na kuinakili, isiwe ndani ya picha. Nimeona namba ya akaunti imo ndani ya picha, mzazi anaiandika kwenye karatasi kwanza ndipo aende nayo kwenye programu ya benki. Tarakimu moja ikikosewa, wiki nzima inapotea kufuatilia pesa. Jedwali lenye safu sita halikai kwenye simu, atalivuta kushoto na kulia mpaka asahau yupo kidato gani. Andika kila kidato peke yake, kimoja chini ya kingine. Malizia na tarehe: "Tumehakiki ukurasa huu tarehe fulani." Mzazi aliyewahi kukuta ada ya 2023 mwaka 2025 haamini tena tovuti isiyo na tarehe, na mimi simlaumu.

PDF siyo adui. Fomu ya daktari ya kuchapwa na kugongwa muhuri acha iwe PDF. Ila kiungo chake kiseme wazi: "Pakua fomu ya daktari (PDF, kurasa 2, KB 180)". Kama ilipigwa picha kwa mashine ikafika MB 12, ichapwe upya kwenye kompyuta na kuhifadhiwa moja kwa moja kama PDF. Itapungua mara nyingi sana, na maandishi yake yatasomeka hata na programu za wasioona.

La pili, ambalo watengenezaji wa programu wa nchi nyingine hawawezi kulijua na wa kwetu wanalisahau, ni saa. Nilimwona mama aliyefika saa nane mchana kwa ajili ya usaili wa mwanawe uliokuwa wa saa mbili asubuhi. Ujumbe uliotoka kwenye mfumo ulisema 08:00. Alisoma nane, akaja nane. Nani mwenye kosa? Andika "saa 2:00 asubuhi", na neno asubuhi lisikosekane kamwe. Tarehe nazo: 03/04/2026 mwingine anaisoma tatu Aprili, na mwingine, kama simu yake imepangwa kwa mtindo wa Marekani, anaisoma nne Machi. Andika mwezi kwa jina. "Jumatatu, 6 Aprili 2026" haina ubishi.

Sasa picha na bando. Picha iliyopigwa kwa simu ya leo ina upana wa nukta (pixel) 4,000 hivi na uzito wa MB 3 au 4. Skrini ya simu ya mzazi haihitaji hata theluthi ya upana huo. Ukipakia picha kumi za mahafali kama zilivyotoka, umemwambia mzazi alipie MB 30 na zaidi ili ajue tarehe ya kufungua shule. Punguza upana uwe nukta 1,200, hifadhi kwa ubora wa 75 hivi, mara nyingi utapata faili la KB 150 hadi 250 na hakuna atakayeona tofauti. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari, huhitaji kusakinisha chochote. Kaa nayo mchana mmoja, pitisha picha zote za tovuti. Kama una subira ya kuchagua, usipitishe zote: picha ishirini za mahafali ya mwaka juzi zipunguze zibaki nne.

Kupima wepesi, tumia PageSpeed Insights ya Google, nayo ni bure. Weka anwani ya tovuti na usome upande wa simu, usisome wa kompyuta. Kipimo kimoja cha kukitazama ni muda unaopita mpaka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane. Google wanahesabu sekunde 2.5 au chini yake kuwa vizuri. Wale wanaokimbizana na alama 100 waache wakimbizane. Ukitoka sekunde 14 ukafika 4 umewafanyia wazazi jambo kubwa, hata kama alama bado ni ya rangi ya chungwa.

Fomu ya maombi. Hapo ndipo tovuti nyingi zinapofukuza watu kimyakimya. Chukua kila kisanduku na uulize: taarifa hii nani ofisini anaitumia, na anaitumia lini? Kama hakuna jibu, kisanduku kitoke. "Posta kodi" kwa mzazi wa kijijini ni ya nini? Barua pepe isiwe lazima. Wengi wanaiandika ya kijana wa kibanda cha intaneti, halafu majibu yanaenda kwa kijana wa kibanda cha intaneti. Namba ya simu inatosha. Tena tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika Tanzania, na mojawapo ya misingi yake ni kutokukusanya zaidi ya unachohitaji. Kwa hiyo kupunguza visanduku kunamfaa mzazi na kunaiondolea shule kesi isiyo ya lazima.

Namba ya simu ipokelewe kwa namna yoyote mtu anavyoiandika: ikianza na 07, ikianza na 06, ikianza na +255, ikiwa na nafasi katikati. Kuzipanga ziwe za mtindo mmoja ni kazi ya kompyuta, mistari michache tu kwa fundi. Kumwambia mzazi "namba si sahihi" wakati anaijua namba yake kuliko jina la jirani yake ni kumtukana. Kisanduku hicho pia kifungue vitufe vya tarakimu moja kwa moja kwenye simu; mwambie fundi aweke type="tel", atakuelewa.

Na majina. Andika kisanduku kimoja: "Majina matatu ya mwanafunzi kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa." Halafu kijaribu mwenyewe kwa jina lenye ng'. Fomu nyingi zilizonunuliwa tayari zinakataa ile alama ya king'ong'o, zinasema jina lina herufi zisizoruhusiwa. Kwa hiyo mtoto wa Nyang'oro au wa Ndung'u hawezi kuomba shule mpaka baba yake aandike jina ambalo si lake, na miaka minne baadaye jina la usajili wa mtihani halifanani na cheti. Jaribu alama iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa sababu baadhi ya simu zinaipinda zenyewe. Zote mbili zipite.

Fomu ikikataa kitu, iseme ni nini na wapi, pale pale chini ya kisanduku, kwa maneno ya kawaida: "Tarehe ya kuzaliwa haijajazwa." Na isifute yaliyokwisha kujazwa. Mzazi aliyejaza visanduku kumi na tano, akakosea kimoja, akarudishiwa fomu tupu, hataijaza tena. Atapanda bodaboda aje ofisini, au aende shule ya jirani. Kama mnataka picha ya cheti cha kuzaliwa na mfumo unapokea MB 2 tu, ongezeni kiwango. Picha ya simu ni kubwa kuliko hapo, na mzazi hajui kuipunguza, wala si kazi yake kujua.

Rangi nitapita haraka. Kijivu chepesi juu ya nyeupe kinapendeza ofisini kwa fundi, kwenye kioo kikubwa na feni inapuliza. Kitoe nje saa saba mchana, kwenye simu yenye mwanga uliopunguzwa ili betri ifike jioni, huoni kitu. Kanuni za kimataifa za tovuti kufikiwa na kila mtu, zinazojulikana kama WCAG, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe kinapata 2.85 tu, kikikolezwa mpaka #767676 kinavuka. Kama rangi ya shule ni njano, iwe ya mistari na kingo, maandishi yasiwe ya njano hata kidogo. Maandishi yaanzie ukubwa wa nukta 16. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba cha mtu aliyesimama kwenye daladala. Toleo la 2023 la kanuni hizo linataka angalau nukta 24 kwa 24. Mimi nasema zikaribie 48, maana daladala haiendi pole pole.

Namba ya simu ya ofisi, iliyo juu ya kila ukurasa, ikiguswa ipige. Ni kiungo kinachoanza na tel: tu. Ya WhatsApp inaanza na wa.me/ ikifuatiwa na namba yenye 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Sifuri ikibaki kiungo hakifanyi kazi, na nimeshaikuta mara nyingi. Usione vibaya kwamba unarahisisha kupigiwa simu wakati ulitaka zipungue. Zitakazobaki zitakuwa za mambo yanayohitaji binadamu.

Kwa wazazi wasioona vizuri, fanya jaribio moja. Kwenye simu ya Android washa TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, fumba macho, jaribu kuipata ada. Dakika kumi. Utasikia "picha, picha, bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Kila kiungo kiseme kinakokwenda, kila picha yenye maana iwe na maelezo mafupi. Kwenye kompyuta ya Windows ipo NVDA ya kazi hiyohiyo, ambayo pia ni bure. Akija mtu kukuuzia kiprogramu cha kubandika pembeni ya tovuti, anayedai kwamba kikibandikwa tu tovuti inakuwa rafiki kwa walemavu wote kwa malipo ya kila mwezi, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Kabla hamjagusa chochote, pata nywila. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Akaunti ya seva iko kwa barua pepe ya nani? Shule nyingi zinagundua siku ya tatizo kwamba kila kitu kiko kwa fundi aliyehamia Dodoma. Viandikishwe kwa jina la shule na vifungiwe kwenye kabati la mhasibu. Hapohapo hakikisha anwani inaanza na https. Cheti cha usalama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na bila hicho Chrome humwandikia mzazi kwamba tovuti si salama. Ukiambiwa cheti ni laki na nusu kwa mwaka, uliza tena.

Laki tatu basi, mimi ningezigawa hivi. Wazazi watano kwa raundi mbili, kila mmoja elfu kumi ya bando, nauli na soda: laki moja. Fundi siku mbili, moja baada ya kila raundi, kwa elfu themanini kwa siku kama mtakubaliana: laki moja na sitini. Elfu arobaini inabaki kwa yatakayojitokeza, na yatajitokeza. Maandishi yote uandike wewe mwenyewe, usimwachie fundi. Wewe ndiye unayepokea simu.

Limebaki la mkuu wa shule na picha zake. Usibishane naye kwa hoja za kitaalamu, wala usimtajie jina langu. Mwombe awe mzazi wa kwanza kati ya wale watano. Azime Wi-Fi, atoe simu yake, atoke nje kwenye jua, atafute ada ya kidato cha tatu bweni. Wewe simama nyuma yake na daftari, ukimya uleule. Akikwama akakugeukia, mwambie, "Endelea tu, mkuu, mimi sipo." Akishamaliza, mwekee mezani pendekezo la picha moja tu, nzuri, iliyotulia, chini ya vile viungo vitano. Mwachie yeye achague ni ipi.